Mtoto anayeimba "ba be bi bo bu" lakini hasomi

Mwandikie mtoto wa darasa la tatu silabi za m kwenye karatasi, naye atakuimbia "ma me mi mo mu" bila kujikwaa. Sasa zifunike zote, uache mi peke yake, umuulize hiyo ni nini. Kama macho yanapanda darini na midomo inaanza kucheza kimyakimya, ma, me, mi, ndipo jibu linatoka, tatizo umeliona. Hasomi. Anaupitia wimbo tangu mwanzo mpaka afike kwenye zamu ya silabi uliyomwonyesha.

Wimbo huo ndio umemficha muda wote. Katika darasa la watoto 80 wanaoitikia kwa pamoja, sauti moja isiyojua haisikiki. Kitabu chenye picha nacho kinasaidia kuficha, kwa kuwa sentensi "Juma anacheza mpira" chini ya picha ya mpira haihitaji kusomwa. Anafichuka darasa la tatu au la nne, pale sayansi inapodai asome ukurasa mzima peke yake. Mzazi anashtuka, ananunua kitabu cha hadithi, anamkalisha mezani: soma! Hapo ndipo kosa la kwanza linapofanyika. Mtoto huyu hakukwama kwenye hadithi, alikwama kwenye silabi miaka miwili iliyopita, na huko ndiko inabidi kurudi, hata kama ni aibu kwa mtoto wa miaka 9 kushika kadi ya "ka".

Kumfundisha nyumbani hakumaanishi kumtoa shule. Kwa Tanzania, Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 awe ameandikishwa shule ya msingi, na hata bila sheria, mtoto huyu anahitaji wenzake. Kinachozungumzwa hapa ni dakika 20 hadi 25 kwa siku, siku tano kwa wiki, baada ya kula na kupumzika. Saa mbili za Jumamosi haziwezi kufidia. Silabi aliyoiona Jumamosi iliyopita inakuwa mgeni tena Jumamosi hii.

Kabla ya kadi na daftari, angalia macho na masikio. Mzibe jicho moja kwa kiganja, asome herufi kubwa ulizobandika ukutani hatua kadhaa mbele, kisha ubadilishe jicho. Kama herufi hazijui, mchoree maumbo. Anayesogeza kitabu karibu na pua, anayekunja uso au kulaza kichwa upande mmoja, apelekwe kliniki ya macho. Kwa masikio, simama nyuma yake kama hatua tatu, nong'ona maneno matatu yasiyo na uhusiano, tuseme kalamu, saba, nyumba, ayarudie. Nta iliyoganda au sikio linalotoa usaha mara kwa mara linatosha kumfanya mtoto asitofautishe "pa" na "ba" mwaka mzima, na hakuna kadi itakayotibu hilo.

Kisha mpime, si kwa kitabu cha shule alichokwisha kukariri. Chukua karatasi moja, andika silabi 10 bila mpangilio, maneno 10 ya silabi mbili, aya ya sentensi nne na hadithi fupi. Ngazi za namna hii ndizo zilizotumiwa na Uwezo, upimaji wa kusoma na kuhesabu uliopita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda. Ongeza maneno matano ya uongo: zubi, kefo, lanumi, shato (ni tosha iliyogeuzwa), na jingine lolote lisilokuwepo. Neno la uongo halikaririki, ni lazima lisomwe. Pale anapokosea zaidi ya 2 kati ya 10, teremka ngazi moja chini yake, uanzie hapo. Anayekosa maneno aanze na silabi, na anayekosa silabi aanze na masikio, bila herufi hata moja.

Kuanza na masikio maana yake ni kucheza na sauti. Chukua vizibo vya soda. Ukitamka "kitabu", asogeze vizibo vitatu, kimoja kwa kila silabi. Ondoa "ki", imebaki nini? Tabu. (Watoto wanacheka hapa, na waache wacheke.) Halafu rudi kwenye mchezo ambao Waswahili wanao tangu zamani, kinyume: silabi ya mwisho inahamia mbele. Paka inakuwa kapa, nazi inakuwa zina, samaki inakuwa kisama, chakula inakuwa lachaku. Mtoto asiyeweza kinyume cha maneno ya silabi mbili baada ya wiki ya kucheza anakuonyesha kwamba bado neno kwake ni bonge moja lisilokatika, na hapo usikimbilie kuandika. Mchezo huu unafaa popote, kwenye daladala, wakati wa kuchambua mchele, na hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuuendesha vizuri kuliko mwalimu.

Kadi hazina gharama. Kata boksi la biskuti vipande vya sentimita 6 kwa 8, andika kwa kalamu ya wino mzito, herufi ndogo, silabi moja kila kadi. Konsonanti 18 za herufi moja pamoja na ch na sh ni 20. Zidisha kwa irabu 5 upate 100, ongeza irabu zenyewe: kadi 105. Nyingine, kama wu na yi, hazionekani sana kwenye maneno ya kila siku, ziache mwisho. Mia na tano zinaonekana nyingi, lakini ndizo karibu zote zinazobeba Kiswahili chepesi, na zikishakaa mtoto anaweza kusoma maneno ambayo hajawahi kuyaona. Lugha zenye tahajia ya kigeugeu hazina bahati hii.

Usizifuate kwa alfabeti. Anza na irabu, kisha m, k, t, l, s, ambazo hazifanani umbo wala sauti na mara moja zinazaa maneno: mama, kaka, taa, meli, kuku, moto, sita. Na b na d? Hizi zisikutane. Vitabu vingi hupenda baba na dada ukurasa mmoja, na mtoto anayechanganya umbo hapo ndipo anapopotea kwa miaka. Fundisha b mpaka iwe ya papo hapo, pitisha wiki tatu za herufi nyingine, ndipo ulete d. Na uilete kwa mkono, si kwa macho tu: d inaanza kama a, duara kwanza, kisha fimbo yake unairefusha juu. b inaanza na fimbo kutoka juu kushuka, kisha tumbo. Mkono ukianza sehemu tofauti kwa kila herufi, macho nayo yanapata pa kushika. Aandike kwa kidole juu ya sinia lenye unga au mchanga, akitamka sauti wakati kidole kinatembea. Kuunganisha jicho, sikio na mkono kwa namna hii kulianza kupangwa kama njia ya kufundishia watoto wenye disleksia (shida ya kudumu ya kusoma na kuandika) huko Marekani miaka ya 1930, na Samuel Orton na Anna Gillingham, na mpaka leo sinia la unga halijapata mshindani wa bei.

Kila siku kadi mpya zisizidi tatu, zichanganywe na nane anazozijua. Uwiano huu usiuvunje. Mtoto aliyezoea kushindwa anahitaji kupatia mara nyingi zaidi ya kukosea, la sivyo ataanza kuomba maji na kwenda chooni kila baada ya dakika mbili. Kadi inahamia kwenye kopo la "najua" akiisoma ndani ya sekunde tatu kwa siku tatu mfululizo. Ikimchukua sekunde tano, bado, hata kama jibu ni sahihi, maana sekunde tano hizo ni ule wimbo unaopigwa ndani kwa ndani. Changanya kadi kama karata kila mara. Mpangilio ukirudia, atakariri mpangilio.

Dakika zenyewe, kama ni 25, zigawanyike hivi, kwa kukadiria: tatu za mchezo wa sauti, tano za kadi za zamani, tano za kadi mpya na kuunda maneno kwa kuzipanga mezani, saba za kusoma sentensi, na zilizobaki za imla. Imla ya maneno matano na sentensi moja inatosha. Atamke kila silabi anapoiandika. Daftari la imla ndilo litakalokuambia ukweli kuliko kusoma kwake: anayeandika "ktabu" hajaisikia irabu, anayeandika "dada" kwa baba ana shida ya umbo, anayeandika "sa" kwa saa hajui kwamba irabu mbili ni silabi mbili, sa-a, na zote zinapigiwa kizibo. Kosa hilo la mwisho linafanana kwenye kaa, kondoo, mguu, na maua huwa "mua".

Silabi ngumu zije baada ya 105 kukaa. M inayosimama peke yake kama kwenye mtu, mti, mlango ina kizibo chake yenyewe: m-tu, vizibo viwili. Lakini mbuzi ni mbu-zi. Usimweleze kwa kanuni, mpe apige vizibo mpaka mkono uzoee. Baadaye mb, nd, nj, nz, kisha kw, mw, bw, sw, kisha ny, na ng' iwe ya mwisho kabisa. Kale kaalama ka juu kwa mtoto huyu ni kama vumbi kwenye karatasi, hakaoni. Weka maneno kwenye safu mbili, ng'ombe, ng'oa, ng'ara upande mmoja, ngoma, nguo, ngazi upande mwingine, kaalama ukapake rangi nyekundu kwa wiki mbili, kisha uondoe rangi.

Sasa shida ambayo ni ya Kiswahili hasa, na vitabu vya kigeni vya disleksia havitakusaidia: maneno yetu ni marefu. Mtoto anaziweza silabi zote, lakini akikutana na "wanatufundisha" anasema "wa... na... tu... fu... wanafunzi!" Amechoka njiani akakisia. Kichwa chake kinabeba silabi tatu nne, ya tano ikiingia ya kwanza inatoka.

Wengi humsaidia kwa kujenga kutoka mbele: wa, wana, wanatu, wanatufu. Jaribu mwenyewe kwa sauti usikie kinachotokea. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila ukiongeza silabi moja mkazo unahama, wána, wanátu, wanatúfu, na hakuna hata kipande kimoja baada ya hapo kinachofanana na neno analolijua. Jenga kutoka nyuma. Funika kwa karatasi uache "fundisha". Hilo analijua. Fungua kidogo: "tufundisha". Fungua tena: "wanatufundisha". Mkazo haujahama hata mara moja, uko palepale kwenye ndi, na mtoto analisikia neno lilelile likirefuka upande wa kushoto. Fanya hivyo kwa hawajatuonyesha, ukianza na onyesha, na kwa tutakapowaona, ukianza na waona. Ni jambo dogo, lakini kwa watoto wa darasa la tatu na la nne hakuna hila nyingine inayorudisha matunda haraka namna hii.

Mkazo huohuo unaeleza kwa nini mtoto anayesoma silabi kwa silabi, zote kwa nguvu sawa, anafika mwisho bila kujua amesoma nini. Ba-ra-ba-ra iliyokatwa hivyo si njia ya magari wala si "sawasawa kabisa", ni kelele nne. (Neno hili lina vituko vyake, mkazo ukikaa kwenye ba ya pili ni njia, ukikaa kwenye ra ya kwanza ni sawasawa. Maneno ya namna hii ni machache, usiyaguse sasa.) Zoea amri mbili: "Soma polepole," akimaliza, "sasa liseme kama unavyolisema nje." Bila amri ya pili, kusoma hakukutani na maana.

Kwa kuzoeza viambishi, kata vipande vya karatasi: ni, u, a, tu, m, wa kwenye fungu la kwanza, na, li, ta, me la pili, soma, cheza, lima, pika la tatu. Vipande 14 vinatoa maneno 96. Apange, asome, aigize anayoweza kuyaigiza. Tunalima, mtacheza, wamepika.

Kuna makosa ambayo si ya kusoma, na mzazi mwenye pupa huyaadhibu bure. Mtoto anayesoma "lafiki" kwa rafiki katika nyumba ambayo watu wazima wote husema lafiki amesoma sawa. Vivyo hivyo "mutu" kwa mtu, "apa" kwa hapa, "sasa ivi", "zambi" kwa dhambi, "selathini" kwa thelathini. Hayo ni ya lugha ya nyumbani, yarekebishwe siku nyingine, kwa kuzungumza. Ukimkatiza kwa kila l na r hatafika mwisho wa sentensi, na kufika mwisho wa sentensi ndilo jambo tunalolitafuta.

Anapokosea kikweli, hesabu mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Hii ni ngumu kwa mzazi kuliko kwa mtoto. Wengi hulitoa neno baada ya sekunde moja, na mtoto anajifunza kusubiri uso wa mama badala ya kutazama herufi. Baada ya tano, weka ncha ya penseli chini ya silabi iliyomshinda, usiseme neno zima. Ikishindikana mwambie silabi hiyo tu, kisha aanze sentensi upya. "Mbona jana ulijua?" ni swali lisilo na jibu: kujua jana na kusahau leo ndiyo hali yenyewe ya mtoto huyu, si ukaidi. Fimbo nayo iache kabisa. Mtoto anayeogopa anatumia kichwa chake kutazama mkono wako, na nafasi ya silabi inazidi kuwa finyu. Na mdogo wake aliye darasa la kwanza asikae mezani hapo akimjibia.

Kasi ije baadaye, na hapa wengi hudanganyika. Kiswahili kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto mwenye disleksia mara nyingi huishia kusoma kwa usahihi lakini polepole mno, kama ilivyoonekana pia kwa watoto wa Kiitaliano na Kijerumani. Mwalimu anasikia maneno yote ni sahihi, anaandika "anasoma, mvivu tu". Hana uvivu. Kila neno analisoma kama mara ya kwanza. Mchagulie kifungu cha maneno 50 ambacho hakosi zaidi ya maneno mawili au matatu. Akikosa zaidi ya matano, ni kigumu, tafuta kingine. Asome mara tatu kwa siku, kifungu kilekile, siku nne. Mara ya mwisho ya siku weka saa ya simu dakika moja, weka alama ya penseli pale alipofika, uandike tarehe. Kama Jumatatu aliishia neno la 18 na Alhamisi la 31, anaiona hatua yake kwa macho yake. Usimlinganishe na majedwali ya maneno kwa dakika ya Kiingereza. Neno letu moja, hawakutuona, kwao ni matano: they did not see us.

Kiingereza kinaleta vurugu ya pekee kwa walio shule za mchepuo huo. Herufi e anaambiwa inaitwa "i", herufi i inaitwa "ai", a inaitwa "ei". Mtoto anayesikia "i" na mkono ukaandika e hajachanganyikiwa, ametii masomo mawili kwa wakati mmoja. Uamuzi wetu ni mmoja: vikao vya nyumbani viwe vya Kiswahili peke yake mpaka silabi 105 na maneno marefu vikae, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita, kisha Kiingereza kiingie kwa kikao chake na kadi za rangi nyingine. Kazi za shule za Kiingereza wakati huo msomee swali wewe, ajibu kwa mdomo, umwandikie. Si kumdekeza. Kinachopimwa kwenye swali la sayansi ni sayansi. Anayekwenda madrasa aendelee, ila vikao viwili visifuatane mara moja, kwa sababu mstari wa kule unaanzia kulia. Doa la kijani ukingoni kushoto mwa ukurasa linamkumbusha aanzie wapi.

Msomee pia kila siku, hadithi iliyo juu ya uwezo wake wa kusoma lakini si juu ya masikio yake. Msamiati wa mtoto asiyesoma unadumaa, na siku atakapoanza kusoma atakuta maneno hayajui hata kwa kusikia. Redio na simulizi za bibi zinahesabika.

Ukikaa naye wiki 12 bila kuruka siku, na kopo la "najua" halijajaa hata kadi 30, au alichelewa kuongea, au haelewi hadithi hata ukimsomea, mpeleke kwa wenye taaluma. Kenya kuna KISE, taasisi ya elimu maalumu, jijini Nairobi na vituo vya EARC vya kupima watoto vilivyoanza 1984. Tanzania anzia kwa mwalimu wa elimu maalumu aliye jirani, wengi wao wamepitia chuo cha Patandi mkoani Arusha, au muulize afisa elimu wa wilaya alipo. Usiende mikono mitupu. Beba daftari la imla lenye tarehe, alama za dakika moja, kadi zilizokataa kuhama na majibu ya macho na masikio. Mpimaji anayekutana na mtoto kwa saa moja hawezi kuona mwenyewe kwamba "bu" ilisahaulika mara tisa, lakini daftari linaonyesha.